Ihesabu Mei Kabla Hujahamia Unguja

Kila mwaka ifikapo Julai simu yangu hupata kazi. Anayepiga ni mtu wa Dar, Moshi au Mwanza. Amekuja Unguja siku tatu, kalala Paje, kala urojo Forodhani, kapiga picha na mlango wa nakshi, na sasa anaulizia chumba. "Dada, nimechoka na foleni. Nataka nije nifanye kazi huku, nipumue. Wewe Kikwajuni unaishije?"

Swali lenyewe halina ubaya, ila limekuja mwezi usiofaa. Julai upepo wa kusi unavuma na jua halichomi. Hoteli zimejaa, dereva wa teksi anaimba, muuza vinyago anarejesha chenji bila kuombwa, na hata mwenye nyumba wangu huwa mchangamfu. Ukiipima Unguja kwa Julai utakuwa kama mtu anayepima ndoa kwa siku ya harusi.

Ndiyo maana jibu langu huwa moja: njoo Mei.

Mei masika yamekolea. Hoteli nyingi za pwani zimefunga, zimebaki na walinzi na mafundi rangi. Nguo hazikauki. Njia za mtaani zinageuka mito, na mfanyakazi wa hoteli anaulizwa na jirani, "Mmeitwa tena?" naye anajibu, "Bado, labda Juni." Mwenye kuumudu mwezi huo miezi mingine haimshindi. Kwa hiyo ushauri wote ninaoutoa hapa, wa kazi, nyumba, watu na pesa, unapita katika chujio hilo: hili nitaliweza Mei?

Mstari niliouruka

Nilishuka bandarini Malindi Desemba 2017, na mabegi mawili, jiko dogo la gesi na mkataba wa ukeshia katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa Dar. Nilikaa kwenye boti saa mbili nikipiga hesabu: mshahara mara kumi na mbili, toa kodi, toa chakula, kinachobaki nitamtumia mama na kingine naweka. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Mwanzoni mwa Aprili meneja alituita. Tangu mwezi ule hadi Juni tutalipwa nusu, na wengine wataenda likizo bila malipo. Nilipandwa na hasira. Nikarudi chumbani kuutafuta mkataba ili nikamwoneshe. Ukurasa wa tatu nikaukuta mstari wenyewe: malipo yatazingatia hali ya msimu. Sahihi yangu ilikuwa chini yake. Nilikuwa nimeusoma, nikadhani unawahusu wahudumu wa mgahawa.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: usizidishe mshahara kwa kumi na mbili mpaka umeuliza kwa mdomo, na kujibiwa kwa maandishi, unalipwa kamili miezi mingapi. Utalii wa Zanzibar una misimu miwili minene, Juni hadi Oktoba na Desemba hadi Februari. Katikati hapo pana miezi ya kuhimili. Tuseme umeahidiwa shilingi 600,000 kwa mwezi, na miezi mitatu ya mvua unalipwa nusu. Kwa mwaka utapata 6,300,000, si 7,200,000. Gawa kwa kumi na mbili: mshahara wako wa kweli ni 525,000. Ukisimamishwa kabisa miezi hiyo mitatu, ni 450,000. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na unachopata Dar, tena baada ya kutoa nauli ya boti kila unapokwenda nyumbani kwenye msiba au harusi.

Na usisahau kwamba kazi inayotegemea wageni hutegemea pia mambo yanayotokea mbali na kisiwa hiki. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka uliofuata, korona ilipoingia, wakawa 260,644, chini ya nusu. Baadaye wakarudi hadi kufikia 638,498 mwaka 2023, na leo kila mtu anazungumzia hoteli mpya. Mimi naukumbuka 2020. Kuna mpishi mwenzetu, hodari wa pweza wa nazi, aliyeuza samani zake moja baada ya nyingine hadi likabaki godoro. Hakuwa mvivu wala mlevi, ila alikuwa na kipato kimoja na akiba ya wiki mbili.

Kama kazi yako si ya hoteli, hali ni nyepesi kidogo: mwalimu wa skuli binafsi, fundi umeme, muuguzi, mtu wa kompyuta, mhasibu wa kampuni ya ujenzi. Hata hivyo uliza. Uchumi wa hapa umeshikana. Watalii wakipungua, mjenzi anaahirisha, na mzazi anachelewesha ada.

Nchi moja, vitabu viwili

Mtanzania haombi kibali kuja kufanya kazi Zanzibar. Hilo huwafanya wengi wadhani kila kitu kinaendelea kama kilivyokuwa Bara. Sivyo. Uhamiaji na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano. Kazi, ardhi, elimu ya msingi na afya si ya Muungano. Ukivuka bahari, unavuka pia kutoka kitabu kimoja cha sheria kwenda kingine.

Sheria ya kazi ya Bara ni ya mwaka 2004. Huku inatumika Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na ukidhulumiwa unakwenda Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar. Akiba ya uzeeni nayo ina mfuko wake, ZSSF. Kama ulikuwa ukichangia NSSF, muulize mwajiri mapema utaingizwa mfuko gani, kisha uulize NSSF michango uliyoiacha itakuwaje. Fanya hivyo hivyo kwa bima ya afya. Kadi iliyokuwa ikikutibu Temeke ihakikishe kabla hujaumwa, si siku unapolazwa Mnazi Mmoja.

Kitambulisho cha NIDA kitakufikisha, lakini ofisi nyingi za Serikali ya Mapinduzi zitakuuliza kitambulisho cha ukaazi. Kipo cha Mzanzibari Mkaazi, na kipo cha mkaazi asiye Mzanzibari. Hicho cha pili ndicho chako, na njia yake inaanzia kwa sheha. Nitamrudia sheha, maana bila yeye hufiki mbali.

Na kuna hili la ardhi, ambalo hukatisha watu tamaa wakilijua wamechelewa. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, haki ya matumizi ya ardhi hapa ni ya Mzanzibari. Mtu wa Bara, hata awe Mtanzania wa kuzaliwa, hanunui kiwanja Fuoni kama anavyonunua Chanika. Watu hutafuta njia za mkato: kiwanja kikaandikwa jina la rafiki, au la shemeji. Nimeyaona mawili ya namna hiyo yakiishia barazani kwa wazee, na mwenye pesa akaondoka na pole. Ikiwa ndoto yako kubwa ni kujenga, jenga kwenu, huku panga.

Kwa nini Kikwajuni, na kwa nini pengine si Kikwajuni

Mgeni hufikiri mjini Zanzibar ni Mji Mkongwe peke yake. Mji Mkongwe ni wa kutembelea na kufanyia kazi. Kuupanga ni mzigo, maana nyumba nyingi zimegeuzwa za wageni, na zilizobaki ama ni ghali ama kuta zake zinatapika chokaa kila masika. Watu wenyewe wengi wako Ng'ambo, ng'ambo ya lile bonde la maji ya bahari ambalo siku hizi ni barabara na soko la Darajani.

Kikwajuni iko ukingoni hapo. Ukitoka kwangu kwa miguu, kabla jasho halijakutoka umefika viwanja vya Mnazi Mmoja. Hospitali kuu iko karibu, Darajani iko karibu, Michenzani na yale majumba marefu ambayo watu huyaita treni yako karibu. Mtaa wenyewe una sura mbili. Kuna nyumba za chini za zamani, zenye baraza na mapaa ya bati yaliyogusana, na kuna majengo ya ghorofa yaliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki mara baada ya Mapinduzi. Kwa mtu anayefanya kazi mjini, mtaa huu unakuokolea nauli na saa mbili za kila siku ulizokuwa ukiziacha Mbagala.

Lakini kama kazi yako ni Nungwi, Kikwajuni ni makosa. Gari ya shamba namba 116 itakufikisha, lakini inasimama kila penye mkono ulionyooshwa, na zamu ya hoteli inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wengi hulala kwenye nyumba za wafanyakazi huko huko na kuja mjini siku ya mapumziko. Basi kabla hujatafuta chumba, jua kazi iko wapi, zamu ikoje, na kama hoteli ina basi la wafanyakazi. Mwenye kulala shamba siku sita hana haja ya kulipa kodi ya mjini kwa ajili ya kabati.

Ukipata chumba, usikiangalie kwa macho ya mpangaji wa Julai. Mambo ya kukagua ni haya.

Tazama ukuta karibu na sakafu. Rangi mpya upande wa chini peke yake, kiasi cha magoti, ina hadithi: maji hufika hapo. Kikwajuni ina Juu na ina Bondeni, na neno bonde halikuwekwa kwa urembo. Muulize mtoto wa jirani, si dalali, maji hukaa wapi mvua ikinyesha. Watoto ndio wanaoogelea.

Uliza mita. Huku hakuna LUKU, kuna TUKUZA. Ni umeme ule ule wa kununua kabla, lakini chini ya shirika la hapa, ZECO. Jua kama mita ni yako au mnachangia wapangaji wanne, kwa sababu mmoja wenu atakuwa na friji ya kuuza barafu.

Uliza maji, na usiridhike na "yapo". Maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya hapa, yapo, swali ni saa ngapi na kwa nguvu gani. Fungua bomba mwenyewe asubuhi na tena jioni. Nyumba isiyo na tangi ina maana wewe ndiye tangi, na ndoo ni miguu yako.

Uliza pia nyumba ni ya nani hasa. Nyingi ni za urithi, na anayekukodisha ni mmoja wa ndugu sita. Nyingine ni za wakfu, ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Katika majengo ya ghorofa, unaweza kukuta anayekupangisha naye ni mpangaji. Usilipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hapa ndivyo wanavyotaka, sita au mwaka, kabla sheha hajaisoma karatasi yenu na kuweka muhuri. Uliza pia kama nyumba imo kwenye mipango ya kuujenga upya mji. Ng'ambo inabadilika, na mpangaji huwa wa mwisho kuambiwa.

Kwani tumelala nyumba moja?

Asubuhi yangu ya kwanza Kikwajuni nilitoka kununua boflo. Barazani walikaa wazee watatu na muuza kahawa na dele lake. Mimi, kwa mwendo wa Kariakoo, macho mbele, nikapita. Sikufika mbali.

"Bibi we!" mzee mmoja aliita, bila hasira. "Kwani tumelala nyumba moja?"

Sikuelewa. Muuza kahawa akanifafanulia huku akicheka: wanaoamka pamoja ndio wasiosalimiana, kwa kuwa wameshasalimiana ndani. Mwingine yeyote hapitwi bila salamu. Nikarudi hatua nne, nikatoa shikamoo tatu, nikaulizwa natoka wapi, nimefikia kwa nani, nafanya kazi gani, nimeolewa? Nilichukulia ni umbea. Baada ya miezi michache nikaja kuona kwamba ile ndiyo ilikuwa hati yangu ya kuingia mtaani. Siku jamaa mmoja alipokuja kugonga mlango wangu usiku akidai ametumwa na kazini, mzee yule yule ndiye aliyemuuliza, "Katumwa na nani? Binti yule tunamjua."

Hili ndilo linalowashinda wengi kuliko mvua. Ukitoka mji mkubwa umezoea kutojulikana. Huku utajulikana, upende usipende: saa unayorudi, mgeni uliyempokea, mfuko uliobeba. Wapo wanaoupenda ujirani huo na wapo unaowakaba roho. Jichunguze uko upande gani kabla hujapakia mizigo.

Sheha ni kiongozi wa shehia, na kwa mgeni ndiye mlango. Njoo na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ulikotoka. Mpelekee wiki ya kwanza, si siku unapohitaji kitu. Kila karatasi utakayoitaka baadaye, ya kitambulisho, ya skuli ya mtoto, ya dhamana, itaanza na swali: barua ya sheha iko wapi?

Lugha nayo ina mitego midogo. Utaomba nyanya, utapewa ulichotaka, na mwenye genge atasema taratibu, "Tungule hizi." Viazi ni mbatata. Shule ni skuli. Ukimwambia mtu wa bajaji akupeleke Kariakoo usitarajie soko: Kariakoo ya hapa ni kiwanja cha michezo ya watoto, na siku za Sikukuu hapakanyagiki. Usiige lafudhi, utachekesha. Jifunze maneno tu, na ukikosolewa sema ahsante.

Ramadhani mtaa unabadilika saa. Mchana migahawa imefunga na hakuna anayekula njiani. Hata asiyefunga hula ndani kwake. Usiku ndiyo mchana. Ukiwa Mkristo, usiogope: Minara Miwili na Mkunazini kengele zinalia tangu karne ya kumi na tisa, na jirani atakuletea futari bila kukuuliza dini. Lakini ukija na mazoea ya kukaa mbele ya nyumba na chupa ya bia, au kutoka dukani na kanga moja kifuani, hutapigwa wala kutukanwa. Utanyamaziwa, na kunyamaziwa Kikwajuni ni adhabu kubwa. Mimi nilijifunza kuvaa dira na mtandio kwenda sokoni, na kuona kwamba hakukunipunguzia kitu.

Ukija na watoto

Mwenye familia asianze na ufukwe, aanze na darasa. Elimu ya msingi Zanzibar ni ya miaka sita, wakati Bara kwa muda mrefu imekuwa ya miaka saba na ndiyo kwanza inabadilishwa. Mtoto aliye katikati ya ngazi anaweza kujikuta mbele au nyuma ya wenzake. Skuli nyingi za serikali zina mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana, na watoto wa mtaa saa zilizobaki wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Kama wako haendi chuoni, ujue saa hizo atakuwa peke yake barazani. Panga mapema nani atakuwa naye.

Hamisha mwishoni mwa mwaka wa masomo, si katikati. Na kama mmoja wa wazazi hana kazi bado, mwenye kazi atangulie peke yake msimu mmoja. Ndoa nyingi huvumilia miezi sita ya simu kuliko miezi sita ya njaa katika chumba kimoja.

Kisiwa ni kisiwa

Watu wa Bara tunasahau kwamba hapa bahari ndiyo barabara. Bahari ikichafuka, boti inaahirishwa na vitu vinavyovushwa kutoka Bara vinapanda bei sokoni. Msiba wa nyumbani ukitokea saa tatu usiku, huna basi la kupanda, unangoja asubuhi. Weka hilo moyoni, hasa kama una mzazi mgonjwa.

Umeme pia ulikuwa unafundisha ukisiwa. Nishati yetu inakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 waya ule ulipata hitilafu, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Giza lile lilianza Mei, mwezi ule ule wangu. Desemba 2009 likarudi, likadumu miezi mitatu. Tangu 2013 kuna waya mwingine mkubwa na hali imetengemaa sana, lakini wenyeji walioishi siku zile bado wana jiko la mkaa nyuma ya mlango. Nunua na lako. Halina aibu.

Namna ya kujaribu

Siti binti Saad, kabla hajawa sauti ambayo Afrika Mashariki nzima iliitambua, alikuwa binti wa Fumba katika familia ya wafinyanzi. Alikuwa akija mjini na vyungu kichwani, akiviuza mtaa kwa mtaa. Mwaka 1911 ndipo alipohamia, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Mimi ninachokitazama ni ile miaka ya vyungu. Kabla hajahama alikuwa ameshaujua mji: nani ananunua, mtaa gani wanalipa, wapi wanatukana. Hakuhamia picha.

Nawe fanya yako. Omba likizo ya siku kumi, mwishoni mwa Aprili au Mei. Usilale hoteli. Tafuta chumba cha kupanga kwa siku hizo katika nyumba ya familia, mtaa unaoukusudia. Bajeti yako iwe mshahara uliougawa kwa kumi na mbili, toa kodi, gawa kwa thelathini, na usizidishe hata shilingi. Siku tatu nenda kazini unakokusudia kwa daladala, saa ile ile ya zamu, hata kama hakuna anayekungoja. Siku moja shinda Darajani, ununue samaki, mboga na mchele wa watu uliokusudia kuwalisha, uandike bei. Siku moja kaa ndani mvua ikinyesha bila kufanya lolote, usikie kimya kinavyokuwa wakati rafiki zako wote wako ng'ambo ya maji. Zungumza na watu watatu wa kazi yako: mmoja aliyepo, mmoja aliyeacha, na mmoja aliyerudi Bara. Wa tatu ndiye atakayekwambia zaidi.

Ukirudi, usiamue kwenye boti. Boti ina upepo mzuri na kila uamuzi unapendeza. Ngoja wiki mbili, kisha jiulize maswali manne. Nina akiba ya miezi mitatu, nje ya kodi? Mkataba wangu umeandika miezi ya mvua? Kuna mtu mmoja wa huku, si ndugu wa mtandaoni, ninayeweza kumgongea usiku? Kazi yangu ya sasa nimeichoka, au nimechoka tu? Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na msala wa Unguja hupita ukimetameta. Mtu aliyechoka tu anahitaji likizo. Paje ipo, aje Julai, afurahi, arudi.

Na ukiamua kuja, chukua nauli ya kurudi, ya boti na ya basi hadi kwenu, uiweke mahali pasipofikika kirahisi. Si ya kukukatisha tamaa. Mtu mwenye nauli mfukoni hakubali kila dharau ya mwajiri, wala hakopi kwa mwenye nyumba. Anakaa kwa kupenda.

Yangu niliishona kwenye pindo la pazia. Mei ya kwanza niliipapasa kila usiku, nikihesabu siku. Mei ya pili niliipapasa mara mbili. Mei ya 2020, hoteli imefungwa na mji mzima umenyamaza, nililifumua pindo, nikakaa kitandani na zile noti zilizonuka vumbi, nikiwa nimeshaulizia boti ya asubuhi. Nilikuwa na ndoo mbili mlangoni nilizotoka kuchota kwa jirani, kama nilivyochota kila siku kwa miaka miwili na nusu. Nje mwenye nyumba alikuwa anabishana na fundi bei ya tangi la lita elfu moja, na zilikuwa zimepungua pesa.

Nikatoka na noti zangu. "Bi mkubwa, imebaki kiasi gani?"

Tangi liko juu ya paa mpaka leo. Ukija Mei kujaribu, pitia tu: ni lile jeusi, nyumba ya pili kutoka kwa muuza kahawa. Lakini wasalimie kwanza wazee.